Kuacha pombe au unga ukiwa Kigoma: nyumbani, hospitali, soba au methadoni, ipi inamfaa mtu wako?

Juzi pale Kibirizi tunageuza dagaa kwenye vichanja, shoga yangu mmoja wa Gungu akanivuta pembeni akaniuliza, we si ulimtoa mdogo wako kwenye gongo, sasa mi mume wangu nimpeleke wapi, nina hela ya kitu kimoja tu, nikikosea hapo ndo basi. Nikaanza kumjibu, jua likatuchoma, dagaa wakaanza kukauka upande mmoja, nikaona hii stori haiishi leo, bora niiandike yote nimtumie na wengine wenye mgonjwa ndani wasome. Mko wengi najua, ila kila mtu kafunga mlango wake.

Mi sio daktari, nauza dagaa. Ila nyumba yetu imepita karibu njia zote, mdogo wangu upande wa pombe, binamu yetu upande wa unga, yaani heroini, na zile ninazoziponda humu chini nyingi nimezilipia kwa hela yangu.

Nilichomwambia shoga kwanza ni hivi, usianze na "wapi ni rahisi" wala "wapi watu hawatamwona". Sisi tulianza na hilo la kutoonekana, tukapoteza miaka miwili. Anza kwa kuangalia kinachomrudisha kila akijaribu kuacha ni kitu gani. Kuna anayerudishwa na mwili, akikaa bila kunywa anatetemeka mpaka anatia huruma. Kuna anayerudishwa na kampani, mwili hauna shida ila akiwaona wale washikaji wanne tu kwishney. Kuna wa hela, akishika tu elfu kumi miguu inajua njia yenyewe. Na kuna wa aibu, ashaharibu sana, anaona hata akiacha nani atamheshimu, bora anywe. Hivyo vinne ndo naviita vizuizi, kila njia inaondoa kimoja au viwili, hakuna inayoondoa vyote, sasa ukimchukua mtu wa kampani ukampiga dripu siku tatu af ukamrudisha kijiwe kile kile, dripu ilikuwa ya nini?

Kwanza anatumia nini

Hapa watu wanachanganya sana. Wanaona ulevi ni ulevi, na unga ndo mbaya zaidi kwa hiyo kuuacha ndo hatari zaidi. Kwa upande wa kuacha ghafla ni kinyume. Aliyezoea pombe nyingi kila siku akikata ghafla anaweza kufa, kabisa, kufa kwa kuacha. Wa heroini arosto yake, yale maumivu ya kukosa dawa mwilini, ni mateso, mwili unauma mpaka mifupa, kutapika, kuharisha, kamasi, baridi huku anatoka jasho, inaanza ndani ya siku moja hivi, siku ya pili ya tatu ndo kilele, wiki mpaka siku kumi inakuwa imepungua. Inatisha kuangalia ila mara nyingi haiui yenyewe kama mtu mzima anakunywa maji na hana ugonjwa mwingine. Kifo cha wa unga kinakaa mbele, nitafika. Mjamzito anayetumia unga yeye asikatishwe ghafla hata kidogo, huyo moja kwa moja kwa daktari, kuna hatari kwa mtoto.

Bangi ni hasira, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, ndoto za ajabu, wiki moja mbili. Haihitaji wodi, inahitaji watu wa nyumbani wasijibizane nae. Ila kama anasikia sauti au anaona watu wanamfuata, hiyo sio arosto ya kusubiri iishe, mpeleke kitengo cha afya ya akili.

Nyumbani au hospitali

Nyumbani kuna uzuri wake sitaki kudanganya. Hamna nauli, hamna foleni, jirani hajui, mgonjwa analala kitandani kwake na mama anapika anachokipenda. Kwa mtu wa bia mbili tatu za wikiendi zinazoanza kuota mizizi, au wa bangi, nyumbani panatosha.

Kosa letu ni kwamba tulimfanyia nyumbani mtu asiyetakiwa kufanyiwa nyumbani. Mdogo wangu alikuwa anaamka saa kumi na moja anapiga gongo kwanza ili mikono itulie ndo aweze kushika wavu. Hiyo peke yake ilitakiwa itushtue. Ijumaa usiku kanywa ya mwisho, kaapa, mama kalia, tukamwekea godoro chumba cha uani. Jumamosi mchana nampa uji, kikombe kinagonga meno, kakishika kwa mikono miwili na bado unamwagika kifuani, jasho kama katoka kuoga. Usiku nikamkuta anachuna kitu ukutani, namuuliza unachuna nini, ananiambia dagaa, si unawaona ukuta mzima wanatembea. Jamani tulicheka. Mimi na dada yangu tulicheka mpaka machozi, tukasema gongo inamtoka hiyo. Jumapili alfajiri macho yakapanda juu, mwili ukakaza kama gogo, kisha ukaanza kurusharusha, jirani kaja mbio na kijiko amtie mdomoni, mwingine anasema mapepo mleteni shehe.

(Kijiko usitie. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, angalia muda, degedege likiisha muwahishe hospitali, na lisipoisha haraka usisubiri. Hili nimejua baadae, siku ile kijiko kilimvunja jino na pengo hilo analo mpaka leo, akicheka naliona.)

Tukampakia mshikaki kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mi nyuma nimemkumbatia. Kituo cha kwanza, sikitaji, dada wa mapokezi kanusa tu akasema huyu mlevi, mrudisheni akalale, pombe ikimwisha ataamka. Na pombe ndo ilikuwa imemwisha! Hilo ndo lilikuwa tatizo lenyewe. Tulipofika sehemu ya pili daktari kijana akauliza swali moja tu, lini kanywa mara ya mwisho, nikamwambia juzi usiku, hapo hapo akaita nesi.

Alichonieleza yule daktari ndo nakueleza wewe. Pombe inautuliza ubongo, na mtu anayekunywa kila siku kwa miaka ubongo wake unazoea kusukuma kwa nguvu dhidi ya ile breki. Ukitoa breki ghafla gari linakimbia. Kutetemeka kunaanza hata saa sita baada ya glasi ya mwisho, degedege zake nyingi zinakuja ndani ya siku mbili, na ile kuchanganyikiwa kabisa, kuona vitu, homa, moyo mbio, inakuja siku ya pili mpaka ya nne, na hiyo ndo inayoua. Wanachofanya hospitali sio ajabu kubwa, wanampa diazepamu, dawa ya kutuliza, wanaipunguza siku hadi siku, wanamchoma vitamini B1 maana walevi wengi hawali na hiyo ikipungua ubongo unaharibika, maji, chakula, na kumwangalia. Siku tano mpaka saba hivi. Sisi tulikaa sita.

Kwa hiyo nyumbani sio pa mtu mwenye hata kimoja kati ya hivi: anakunywa asubuhi ili asitetemeke, alishawahi kuanguka degedege au kuona vitu alipojaribu kuacha, ana mimba, ana umri mkubwa, ana ini au kisukari au TB, au hamna mtu wa kukaa nae usiku na mchana. Na kama hospitali ni mbali, uko vijijini huko Uvinza au Kakonko na hela ya gari bado, usimkatie ghafla kwa hasira, usimwage lile dumu. Najua inauma kumwona anakunywa wakati mshaamua, ila mlevi wa kila siku akiendelea kunywa kidogo kidogo mpaka siku ya safari ni salama kuliko kufungiwa chumbani.

Ubaya wa hospitali nao upo, inatibu mwili tu. Siku ya saba anatoka kasafishika, kanenepa mashavu, familia inashangilia, na kizuizi cha kampani kiko pale pale nje ya geti kinamsubiri na pikipiki. Mdogo wangu alikaa siku kumi na nne akarudi kunywa. Sio hospitali iliyoshindwa, sisi tulidhani imemaliza kazi.

Ukiwa na bima itumie, na ukifika usiseme "ana malaria" kwa aibu, sema pombe, sema kiasi, sema lini ya mwisho. Hospitali ya rufaa ya mkoa Maweni ni sehemu ya kuanzia kuuliza huduma ya afya ya akili na rufaa, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri nao hii ni kazi yao, watu wanadhani wao ni wa kesi za ndoa tu.

Ile poda ya kumwekea kwenye mboga

Sitaki kupoteza muda. Kila stendi kuna mtu anauza dawa ya kuacha pombe, unamwekea kwenye chakula bila yeye kujua, wiki mbili anaichukia. Nilinunua. Alitapika, akaharisha, akaacha kula kwangu, akahamia kula kwa mama ntilie wa mwaloni, na pombe akaendelea. Shida ni mbili, hujui ndani kuna nini, na kuna dawa za kweli za hospitali zinazomfanya mtu augue vibaya akinywa pombe, presha inashuka moyo unakwenda mbio, ndo maana daktari hampi mtu bila yeye mwenyewe kukubali na kuelewa. Ukimpa mtu kitu cha aina hiyo kwa kificho af akaenda kupiga chupa nzima unaweza kuzika. Halafu siku akigundua, na atagundua, hatokula tena mkononi kwako, na wewe ndo ulikuwa mtu wake wa mwisho.

Dawa halali za kupunguza hamu ya pombe zipo, naltreksoni na akamprosati, Shirika la Afya Duniani, WHO, waliziingiza kwenye orodha yao ya dawa muhimu mwaka 2023, hizo unamuuliza daktari au mfamasia, na anayemeza anajua anameza nini.

Soba au kliniki ya methadoni

Hapa shoga alichanganya, akadhani ni kitu kimoja. Soba ni nyumba wanayokaa waraibu wanaoacha, methadoni ni dawa ya kunywa kliniki. Methadoni haina kazi kwa mlevi wa pombe. Ni ya waraibu wa heroini na jamii yake tu, basi. Kwa hiyo kama mume wako ni gongo, ruka, soma ya soba.

Binamu yangu alikuwa Dar miaka, unga ukamkamata. Siku moja akaamua mwenyewe, kapanda treni arudi Kigoma aache, alisema ukitoka mjini unga hauupati basi umepona. Wazo sio baya. Ila treni ya huku mnaijua, zaidi ya kilomita 1,200, ukipata bahati siku mbili, na arosto siku ya pili ndo inapanda. Alifika stesheni amejikunja kwenye benchi la daraja la tatu na mama mmoja wa Kimanyema ambae hata hamjui amemfunika kanga, anampangusa kamasi kama mtoto. Yule mama mpaka leo simjui, Mungu amlipe.

Akakaa Ujiji miezi mitatu safi. Kanenepa, anaswali, anasaidia dukani. Kisha akaitwa Dar kwenye kazi, akakutana na mshikaji, wakapiga kiasi kile kile alichokuwa akipiga zamani. Hapa ndo pale niliposema kifo cha wa unga kiko mbele. Miezi mitatu mwili umesahau, uvumilivu umeshuka, dozi ile ya zamani sasa ni sumu. Akaacha kupumua. Bahati waliokuwa nae hawakukimbia, wakamfikisha hospitali akachomwa naloksoni, inarudisha pumzi kwa dakika. Kama una mtu wa unga aliyetoka soba, jela, au kijijini, mwambie hili waziwazi hata kama anaapa hatorudi, kumwambia sio kumtabiria.

Baada ya hapo akaingia kliniki ya methadoni. Kwa Tanzania bara hizi zilianza Muhimbili Februari 2011, zikaenda Mwananyamala na Temeke, na baadae mikoani. Ni za serikali, dawa ni bure. Unakunywa mbele ya nesi, kila siku, haitoi stimu ukiwa kwenye dozi yako sawa, inashika mwili zaidi ya saa ishirini na nne kwa hiyo arosto hamna, na mtu anapata akili ya kuwaza kazi. Na pale pale wanapima na kutibu VVU na TB. Wanaosema "kabadilisha teja wa unga kawa teja wa serikali" nawauliza hivi, mwenye presha anaemeza kidonge kila siku nae ni teja wa serikali? Binamu saivi anaendesha bajaji, analipa kodi ya chumba, anamtumia mama yake hela. Zamani alikuwa anauza masufuria ya mama yake.

Ubaya wake ni kamba. Kila siku. Idi iliyopita hakuja, msiba wa babu hakuja, maana dawa iko Dar. Mtu akishatulia kliniki inaweza kumpangia za kwenda nazo kwa utaratibu wao, ila mwanzo unakaa karibu na kliniki au unakosa. Kwa mtu wa Kigoma hili ndo swali lenyewe, kabla hujauza kitanda kwa ajili ya nauli uliza Maweni kliniki iliyo karibu ni ipi, uliza huko mtu wako atalala kwa nani na atakula nini miezi ya mwanzo, maana methadoni bila pa kulala ni kumrudisha kijiweni kwa njia ndefu. Halafu methadoni na pombe au vidonge vya usingizi havikai pamoja, pumzi inakata, wakisema usichanganye hawatishi.

Soba ni kingine kabisa. Ni nyumba, mnakaa miezi mitatu, minne, mpaka sita, hakuna dawa ya kubadilisha, kuna ratiba: kuamka, usafi, kikao, kupika kwa zamu, kikao tena. Nyingi zinafuata hatua 12 za kuacha, zile zilizotoka kwa kikundi cha walevi wa Marekani kilichoanza 1935, na wasimamizi wengi ni waraibu waliopona, hawadanganyiki, mtu akianza stori za "naumwa jino naomba nitoke mara moja" wanazijua zote. Soba inaondoa kizuizi cha kampani vizuri kuliko njia zote. Na cha aibu pia, maana humo ndani kila mtu kaiba kwao, huna wa kumficha. Haiondoi kizuizi cha mwili, mlevi wa kutetemeka apite hospitali KWANZA ndo aende soba, na soba ikikuambia "mleteni tu hivyo hivyo tutamfungia siku tatu atakuwa sawa" geuza.

Sisi tuliambiwa laki mbili na nusu kwa mwezi, na sabuni juu yetu, na dawa akiumwa juu yetu. Kabla ya kulipa nenda mwenyewe ukaone. Kaa na walio ndani bila msimamizi kuwepo. Angalia vifundo vya miguu na mgongo, kuna nyumba zinawafunga watu minyororo na kuwachapa na zinaita hiyo nidhamu, tuliiona moja, jamaa alikuwa na alama za kamba mkononi tukaondoka bila hata kuaga. Uliza nesi anakuja lini, uliza mkigombana nae anafanywaje, uliza akitoka nani anamfuatilia. La mwisho wengi hawana jibu, wanaishia kwenye mahafali na keki.

Kuombewa, na kukaa na wenzako

Mama yangu aliamini dua, na mi sibishi, mdogo wangu mwenyewe anasema swala tano zimempa kitu cha kufanya kila zinapofika zile saa za hatari. Kanisani hivyo hivyo kwa majirani zetu. Dini inaondoa aibu na inampa mtu kampani mpya, hivyo ni viwili vikubwa. Ila haizuii degedege. Shehe wetu, namheshimu kwa hili, alimsomea na kisha akasema sasa mpelekeni hospitali. Sehemu ikikuambia aache dawa ili imani ifanye kazi, iwe ya dini yoyote, hapo sio.

Kikundi cha wenzako ni rahisi kuliko vyote na ndo watu wanakidharau. Hakihitaji jengo. Mdogo wangu alianza na watu wawili, fundi baiskeli na mwalimu mstaafu, Alhamisi jioni, benchi la fundi. Kila mmoja anasema wiki imekwendaje na nani karibu aanguke, hakuna mahubiri. Saivi wako saba, wawili wanasumbua.

Kubaki mwaloni au kuhama

Hili hutolikuta kwenye vipeperushi vya Dar na ndo linalotumaliza huku. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku kwa taa, giza ndo pesa. Mwezi ukishakuwa mkubwa dagaa hawavutwi na taa, mitumbwi inapumzika, vijana wana hela ya giza mfukoni na wiki nzima au zaidi hawana cha kufanya. Mdogo wangu kila alipoanguka, nilipokaa na kalenda nikahesabu, ni mwezi mkubwa. Kila mara! Tulikuwa tunasema pepo lake linampanda na mwezi, kumbe ni posho na kukaa bure.

Ukishajua hivyo unachagua tarehe. Usimtoe hospitali au soba akaingia moja kwa moja kwenye mwezi mkubwa. Na siku hizi kuna kufungwa kwa ziwa, tangu 2024 nchi zote nne za Tanganyika wanasimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Wengi wanalilia kipato, na wana haki, ila kwa anayetaka kuacha ile miezi mitatu inakata mara mbili. Akibaki mwaloni bila kazi ni mwezi mkubwa wa siku tisini. Akiondoka, hapotezi mgao kwa tajiri mwenye mtumbwi, hamna anayeuliza "mbona huji", nafasi yake kwenye mtumbwi haichukuliwi. Sisi jaribio la tatu tulilifanya hapo, hospitali mwanzoni mwa Mei, kisha Kasulu kwa mjomba kufyatua tofali, kiangazi ndo msimu wake. Kasulu nako kuna pombe ya ndizi kila njia panda jamani, tusidanganyane kwamba kijijini ni salama, tofauti ni kwamba huko hakuwa na washikaji wala deni la kinywaji, na mjomba alikuwa analala mlango mmoja nae.

Kuhama kabisa au kurudi? Wapo wanaosema asirudi mwaloni maisha. Mi naona inategemea kama ana kazi nyingine mkononi. Mvuvi ukimwambia auze vocha atauza mwezi mmoja kisha aone hana maana. Tulichofanya ni kubadilisha mtumbwi na mwalo, tajiri wa zamani alikuwa analipa nusu kwa kinywaji, tukamtafutia wa Katonga ambae hataki pombe chomboni.

Na hela hampewi mkononi. Mwanzo ilipita kwangu, kwa makubaliano yake mwenyewe, aliandika kwenye daftari la shule na kusaini, elfu tatu ya siku na zilizobaki kwenye kikoba. Mke sio mtu mzuri wa kushika hiyo hela shoga, nakwambia ukweli, mtagombana kila jioni. Tafuta kaka yake au shemeji asiyeogopwa sana.

Akianguka je

Ataanguka pengine. Ile taasisi ya Marekani ya utafiti wa madawa ya kulevya, NIDA, wanasema wanaorudia ni asilimia 40 mpaka 60, wanalinganisha na presha na pumu, ambao nao wanaacha dawa wanazidiwa wanarudi. Familia nyingi zina hela na moyo wa jaribio moja, likianguka wanamtangazia amelaaniwa. Jaribio la kwanza letu lilitufundisha mwili, la pili likatufundisha kampani, la tatu mwezi. Ndo maana usimalize hela yote kwenye la kwanza.

Kwa shoga sasa, mume wako nimjuavyo anaamkia gongo na mikono inacheza, kwa hiyo hela yako ya kitu kimoja ni wodi, siku saba, na nauli ya kumpeleka kwa kaka yake siku ile ile ya kutoka, asilale hata usiku mmoja Gungu. Soba ingekuwa nzuri ila laki mbili na nusu kwa miezi minne huna, na kikundi cha benchi la fundi ni bure akirudi, nimeshamwambia mdogo wangu akasema aje. Kama angekuwa anaweza kukaa siku tatu bila kunywa na bila kutetemeka ningekuambia vingine, wodi uache, hela yote iende kwenye kumtoa kijiweni.

Mdogo wangu ana miezi kumi na moja hajanywa. Jana kaja jioni kaniomba hela ya nyuzi za wavu, mwezi umeanza kuwa mkubwa, nilimwangalia usoni kwa muda nae akajua naangalia nini, akacheka lile pengo likaonekana. Nikampa nusu. Ile nyingine nimenunua nyuzi mwenyewe leo asubuhi pale Mwanga sokoni, ziko kwenye kapu la dagaa, atapita kuzichukua saa kumi.